Siku Tatu za Kuwafungia Perege

Tulimzika Bwana Shemahonge Alhamisi, kijijini Mgwashi, mvua ikikatika na kurudi, na mimi nimeketi upande wa akina mama nikijikaza nisicheke. Si kwamba nina adabu mbovu. Ila mpwa wake aliyekuwa anasoma wasifu wa marehemu, alipofika kwenye habari za kazi, alipaza sauti akasema kwamba marehemu ndiye aliyeleta dawa ya kopo katika milima hii, dawa iliyowafanya perege wetu wahimili baridi na safari. Hapo hapo nikahisi kidole kinanichoma ubavuni. Kilikuwa cha Mama Zaina. Mama Zaina siku hizi haoni vizuri, anatembea kwa kushikwa mkono, lakini kidole chake kina nguvu zile zile. "Dawa ya kopo," akaninong'oneza. "Umesikia, Hadija? Dawa ya kopo!" Nikauma upindo wa kanga. Watu wakadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia pia, maana mtu yule alinifundisha kazi iliyonilisha mpaka leo. Lakini uongo wa kopo haukuwa wake. Ulikuwa wangu. Niliutia mle ndani kwa mkono wangu mwenyewe, nikafunika kifuniko. Sasa mwenye kopo ametangulia, na magoti yangu yananiambia zamu yangu haiko mbali sana, kwa hiyo nitausema wote kama ulivyokuwa.

Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani kulikuwa na sabuni za rangi tatu, mitumba ilimwagwa chini siku za gulio, na kila ofisa aliyepanda huku kwetu alikuja na neno moja tu mdomoni, kujitegemea. Mradi ujitegemee, zahanati ijitegemee, hata mabwawa ya samaki yajitegemee. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sina haja ya kuyatangaza, nikachukuliwa kibarua kwenye kituo cha vifaranga vya samaki kilichokuwa bondeni. Kituo ni jina kubwa tu. Yalikuwa mabwawa manne ya udongo, karo moja dogo la saruji lililolishwa na chemchemi, na chumba kimoja kilichokuwa ofisi, ghala na mahali pa kunywea chai. Mezani palikuwa na mizani yenye kutu na kalenda ya mwaka uliokwisha. Ukutani walipangwa magunia ya pumba, na dirisha halikuwa na kioo, lilizibwa kwa gunia pia. Mpaka leo nikisikia harufu ya pumba iliyolowa, nakiona chumba kile, na Bwana Shemahonge amekaa mlangoni anavaa buti zake za mpira taratibu, mguu wa kulia kwanza, kama mtu anayejiandaa kwenda ibadani.

Yeye ndiye alikuwa bwana samaki. Mtu mrefu, mkimya, mzee wa kanisa la Kilutheri, na pombe alikuwa haitaki hata kwa harufu. Wanawake waliokwenda kupika boha, ile pombe yetu ya miwa, aliwakataza kupita juu ya kingo za mabwawa yake na mitungi yao, wazunguke huko juu kwenye mihogo. Lakini kazi aliijua. Alinifundisha kumwangalia samaki anavyokuja kula, kwa sababu samaki hana sauti, anasema kwa mwendo. Anayechelewa ana lake jambo. Anayejisugua chini ana lake jambo. Nami sikuwa mjinga, nilishika haraka. Ilipofika masika nilikuwa namtambua perege mgonjwa katikati ya mia moja wazima, na Bwana Shemahonge akaanza kuniita bibi samaki, kwa utani mwanzoni, baadaye bila utani. Nilikuwa sijawahi kuwa hodari wa kitu chochote kabla ya hapo. Mtu aliyepata kuonja hilo anajua kwa nini nilikuwa tayari kufanya nilichokifanya.

Nilipanga kwa Mama Zaina, juu kidogo ya bonde. Mume wake alikuwa Maalim, mwalimu wa madrasa, mtu mdogo wa umbo aliyekula polepole na kuuliza maswali juu ya kila kitu, kuanzia bei ya chumvi hadi jinsi samaki wanavyolala. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, na chini ya kitanda kulitandazwa viazi vya mbegu vya kikundi cha akina mama, maana chumba kile ndicho kilichokuwa kikavu kuliko vyote. Nilikuwa nalala juu ya viazi vinavyochipua, na asubuhi nguo zangu zilinukia udongo. Mama Zaina ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi hicho. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, wamechimba bwawa lao kwa majembe ya mkono katika kiwanja ambacho waume zao walitaka kulima kabichi, na kila jioni ya siku ya kikundi walikuja jikoni kwake, wakakaa kwenye vigoda kuzunguka mafiga, wakala makande na kuwasema waume zao. Mimi chumbani nilikuwa nasikia kila neno. Ukuta wa udongo hauna siri.

Basi mwezi wa nne tulipata agizo kutoka misheni ya Rangwi. Walitaka vifaranga elfu mbili wa kuanzia mabwawa yao. Bwana Shemahonge alisoma barua ile mara tatu, kisha akanionyesha nyingine iliyotoka wilayani siku chache kabla, ambayo alikuwa ameificha chini ya mizani. Hiyo ilisema kituo kisichouza kitafungwa na watumishi wake watapunguzwa, na vibarua ndio wa kwanza. "Rangwi ndiyo itakayosema kama tutakuwepo mwakani," alisema. Asubuhi ya safari niliamka na huruma. Kwetu mtu hatolewi nyumbani kwenda safari na njaa, hilo hata mtoto analijua. Nikawalisha vifaranga wale pumba na unga wa dagaa mpaka wakaacha wenyewe, nikawaongeza kidogo, na Bwana Shemahonge akapita akaniona, akasema, "Vizuri, binti, washibe." Tukawapakia kwenye mapipa mawili juu ya pikapu, tukaenda. Bumbuli walikuwa wazima. Soni tulipofunua, maji yalikuwa yamechafuka na povu limesimama juu. Lushoto povu lilinuka. Rangwi tulipofika tulimwaga mapipa mawili ya samaki waliokufa mbele ya bruda mmoja mzee aliyekuwa amejiandaa na ndoo mpya. Alituonea huruma yule bruda. Akasema tujaribu tena baada ya baridi, mara moja tu, kwa sababu naye alikuwa na wakubwa wake. Njiani kurudi nilikuwa nimekaa nyuma na mapipa matupu, nikilia kwa hasira kuliko kwa huzuni.

Kisha baridi ikaja. Mwezi wa sita ukungu ulishuka bondeni ukakaa, na vifaranga wakaanza kuota pamba nyeupe mapezini, ugonjwa ambao huwapata wakidhoofika kwa baridi. Kila asubuhi nilikuwa naokota maiti kwa chandarua. Wakati huo huo ndipo alipofika bwana mmoja wa biashara, mwenye koti la suti na viatu visivyofaa matope yetu, akiuza dawa za mifugo za kila namna. Kwetu aliuza kopo moja la njano lenye picha ya kamba, yule wa baharini. Mama Zaina alipoliona alishangaa. "Huyu panzi wa wapi?" Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona kamba. Bwana wa suti akaeleza kuwa huko nje watu wanafuga kamba mabwawani, wengi, wamebanana, wanaugua na kufa wakitikiswa kidogo tu, na unga ule ukichanganywa kwenye chakula chao unawapa mwili wa kukinga magonjwa na kustahimili misukosuko. "Kama unamfaa kamba, perege ataushindwa?" akauliza. Bwana Shemahonge akanunua, akaniamuru nichanganye kijiko kimoja kila mlo, bwawa la kwanza peke yake. Sitasema unga ule ulikuwa wa uongo. Wiki mbili tu maiti zilipungua. Lakini baada ya wiki mbili kopo likaisha, na bwana wa suti alikuwa ameshateremka zake kwenda Tanga.

Nilikaa ofisini na lile kopo tupu, nikaanza kusoma maandishi yake kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Chini kabisa, kwa herufi za mchwa, walitaja kilichomo. Zilikuwepo vitamini nisizozijua, lakini kilichotangulia vyote nilikijua. Chachu. Nikasoma tena, ni chachu, ile ile inayoumua mandazi, imekaushwa. Na chachu mimi nilijua inapopatikana bure. Ng'ambo ya kijito aliishi Mama Sekunda, mjane, Mkristo, mpishi wa boha aliyekuwa hodari kuliko wote. Mitungi yake alikuwa anaisuuza kijitoni, na mimi nilishaona kwa macho yangu kwamba perege wachache waliotoroka mabwawani walikuwa wanajazana pale chini ya jiwe lake la kusuuzia, wanene, safi, hawana hata uzi mmoja wa pamba. Nikamwendea. "Shikamoo, mama. Yale machicha ya chini ya mtungi unayafanyaje?" "Marahaba. Namwaga. Kwani Maalim ameanza kunywa?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Akanipa ndoo. Nikayachemsha ili ulevi upotee, nikayaanika kwenye bati, nikayatwanga na kuyachekecha, yakatoka unga wa kahawia hafifu usiotofautiana sana na ule wa kamba. Nikaujaza kwenye kopo la njano.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, na jibu silipambi. Kwa mzee wa kanisa yule, neno boha lingenitoa kazini siku hiyo hiyo. Kwa Maalim na Mama Zaina, lingenitoa nyumbani. Na mimi nilikuwa na uhakika kwamba ni sahihi. Mtu mwenye uhakika husema atakuja kueleza baadaye, mambo yakishakuwa mazuri. Na mambo yalikuwa mazuri, loo! Mwezi wa saba, katikati ya baridi, bwawa la kwanza lilikuwa linachemka kwa samaki. Nilikuwa nikipiga kopo kwa kijiko wanakuja wote kwa pamoja, migongo inang'aa. Bwana Shemahonge akawa analeta watu kuwaonyesha. Alikuwa anashika kopo lile juu, upande wa picha, anasema, "Sayansi." Mimi namimina tu. Maulidi ilipofika, Mama Zaina aliniomba kitoweo cha wageni wa Maalim, nami kwa fahari nikamletea perege wakubwa wa bwawa la kwanza. Akawapika kwa nazi iliyopandishwa kutoka Korogwe. Masheikh watatu walikula wakajilamba vidole, na Maalim aliniombea dua mbele ya watu kwamba mikono yangu ibarikiwe. Nikaitikia amina.

Ningeweza kuendelea hivyo miaka. Kilichonizuia ni viazi. Alasiri moja mwezi wa nane nilikuwa chumbani nashona sketi, akina mama wako jikoni, nikamsikia Mama Zaina anasema kikundi kimeshaona kwa macho yake, bwawa lao linakufa na la kituo linanawiri, na kwamba bwana wa suti amerudi, yuko Bumbuli na makopo. Mmoja akauliza watamlipa nini. "Tuuze mbegu," Mama Zaina akajibu. "Kesho asubuhi tuzitoe chumbani kwa Hadija, twende nazo gulioni." "Na vuli tutapanda nini?" "Vuli tutauza samaki." Mmoja mmoja akasema sawa. Mimi nimekaa juu ya viazi vyenyewe. Walikuwa wanauza chakula cha watoto wao kwa sababu ya kitu walichokiona kwangu, na walichokiona hakikuwa kwenye kopo wanaloliendea. Nikaiweka sindano. Nikaenda jikoni.

"Mama, msiuze mbegu."

Wakageuka wote. Maalim alikuwa uani, mlangoni kabisa, anarekebisha redio yake. Nikasema dawa ya kopo iliisha tangu mwezi wa sita. Mama Zaina akakunja uso. "Mbona kila siku unawachotea?"

"Nachota, lakini si dawa ile."

"Ni nini basi?"

"Machicha."

"Ya nazi?"

"Ya boha, mama. Ya kwa Mama Sekunda."

Mama Zaina alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini polepole sana. "Wale wa maulidi," akasema. "Hadija, wale samaki wa maulidi?" Nikaitikia kwa kichwa. Astaghfirullah zikapaa jikoni mle kutoka kila kigoda. Mmoja akatoka mbio kwenda kusukutua mdomo, kama vile wiki kadhaa hazikupita. Mwingine, Mungu amsamehe, alianza kucheka na hakuweza kunyamaza. Mama Zaina hakucheka. Machozi yalimlengalenga. "Nimekuweka nyumbani mwangu kama mwanangu. Umewalisha masheikh kwa mkono wangu." Hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Nikapiga magoti pale pale kwenye majivu nikamwomba radhi, na sikuwa naigiza.

Maalim akaingia. Kwanza akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote. Kisha akaanza maswali yake. Machicha yale nilikuwa nayachemsha? Nilikuwa nayachemsha. Yakishakauka yananuka ulevi? Hayanuki. Samaki wanalewa? Hawalewi, Maalim, wanakimbia kuliko wengine. Nyama ilikuwa na ladha ya pombe? Hapo aliwageukia akina mama, na hakuna aliyesema ndiyo, maana wote waliisifu. Kisha akamwambia mkewe, "Kuku wako anashinda anachakura jalalani na kwenye mambo nisiyoyataja. Ukitaka kumchinja unamfanyaje?" Mama Zaina akafuta macho. "Namfungia siku tatu. Namlisha kisafi." "Basi wafungieni samaki," akasema Maalim. "Siku tatu, maji safi. Waliokwisha kuliwa, tuliwala hatujui, na Mungu anajua kuwa hatujui. Na wewe binti, dhambi yako si machicha. Ni kifuniko." Akarudi kwenye redio yake. Mbegu hazikuuzwa.

Kesho yake Mama Zaina alinisindikiza kituoni, kwa kuwa alisema peke yangu nitaikata habari katikati. Bwana Shemahonge alisikiliza amesimama. Akachukua kopo, akafungua, akanusa, akarudisha kifuniko. "Miezi miwili," alisema, "mimi mzee wa kanisa, nawaonyesha watu pombe nasema sayansi." Nikamwambia, "Hukukosa wewe, baba, mimi ndiye niliyekosa. Lakini waangalie samaki." Akawaangalia muda mrefu. Nilijua asingenifukuza kabla ya Rangwi, safari ya pili ilikuwa Jumatatu iliyofuata na hakuwa na mtu mwingine. Lakini Mama Zaina akatoa sharti lake: hakuna samaki wa bwawa lile atakayetoka bila kufungiwa siku tatu bila machicha. Bwana Shemahonge akamwambia hilo ni la samaki wa kula, hawa ni vifaranga, na ukimnyima kifaranga chakula kabla ya safari unamuua. "Watu wa Rangwi watawafuga ili wawale, au watawafuga wawaangalie?" Mama Zaina akauliza. "Na Rangwi hakuna Waislamu? Usipowafungia, nitapita nyumba kwa nyumba niseme." Nilimjua, angepita. Bwana Shemahonge naye alimjua. Karo la saruji lilikuwa dogo, hatukuwa na kisafi cha kuwalisha zaidi ya maji yenyewe ya chemchemi, kwa hiyo kuwafungia kulikuwa sawa na kuwafungisha saumu. "Wakifa," akamwambia, "barua ya kufunga kituo utaiandika wewe."

Na mimi, nikisema kweli, nilikuwa upande wake. Niliamini watakufa. Siku zile tatu zilinitesa kuliko mwaka mzima. Nikikaribia karo, vifaranga elfu mbili wananifuata ukingoni, midomo juu, wanadai. Pumba iko hatua kumi. Siku ya pili nilichota konzi moja, nikasimama nayo. Nilitaka sana kuwatupia. Lakini nilikumbuka uso wa Mama Zaina jikoni, nikairudisha guniani, nikaenda kukaa ofisini nimeupa mlango mgongo. Jumatatu tuliwapakia wakiwa wembamba wa matumbo. Pikapu ile ile, mapipa yale yale. Bumbuli, wazima. Soni Bwana Shemahonge alimwambia dereva asimame, akapanda nyuma mwenyewe, akafunua pipa. Alikaa ameinama nikadhani anaomba. Nikasogea. Maji yalikuwa meupe, nikaona hadi chini ya pipa, na vifaranga wanazunguka taratibu kama wako bwawani kwao. Hakuna povu. Akavua kofia. "Binti," akasema, "ile safari ya kwanza uliwalisha asubuhi?"

"Niliwalisha, baba. Tena nikawaongeza."

"Na mimi nikasema vizuri." Akafunika pipa kwa mikono miwili. "Walishiba, wakayachafua maji yao wenyewe njiani, wakafa humo humo. Tuliwaua kwa ukarimu."

Lushoto maji meupe. Rangwi bruda mzee alitumbukiza mkono ndani ya pipa, vifaranga wakamdonoa vidole, akacheka. Tulipowamwaga bwawani waliokufa walikuwa wachache mno, nikawaweka kwenye kiganja kimoja. Niliporudi nyumbani Mama Zaina aliniangalia usoni, akaenda kupika ugali wa mtu mzima, akaniwekea na mchuzi. "Kula," akasema. "Wewe si samaki." Hapo ndipo nilipojua nimesamehewa, nikalia juu ya sahani.

Mwaka uliofuata niliajiriwa, kituo kikabaki, na kikundi cha akina mama kikawa kinachukua machicha kwa Mama Sekunda wazi wazi mchana kweupe. Ila Bwana Shemahonge hakuwahi kulitamka neno boha. Aliniambia kopo nisilitupe, lisimame pale pale kwenye mizani, wakaguzi wakija waone kopo. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda kwa Mama Sekunda kwa njia ya juu ya mihogo, ile aliyowalazimisha wengine, na ndoo aliyoiita ya takataka. Ndivyo dawa ya kopo ilivyoingia kwenye sifa zake hadi ikafika kwenye wasifu. Nilikuwa nimekusudia, baada ya mazishi, kumshika mpwa wake pembeni nimsahihishe.

Baada ya mazishi tukakaribishwa chakula. Mpwa yule, ambaye ndiye anayetunza mabwawa sasa, akatupitishia maji ya kunawa, akaweka sahani ya perege mbele yetu wawili. Mama Zaina hakugusa. Alielekeza uso wake kule sauti ilikotoka. "Mwanangu, hawa wamefungiwa?"

"Wamefungiwa, bibi. Siku tatu, tangu Jumatatu."

"Jumatatu Shemahonge alikuwa hai," nikasema.

"Alikuwa hai. Yeye ndiye aliyetuagiza, amelala kitandani, sauti haitoki." Kijana akainama ili tusikie. "Alisema, wafungieni perege wa bwawa la kwanza, Mama Zaina atakuja kula. Tulidhani anaweweseka."

Habari ya kumsahihisha mtu ikaniishia pale pale. Mama Zaina akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaiona sahani kwa vidole, akasema bismillahi, akala.